Tairi kwanza au boneti kwanza? Mpangilio wa kusafisha gari bila kuharibu rangi

Kaa kwenye benchi la banda lolote la kuoshea magari Dar es Salaam, Jumamosi asubuhi. Soda haitaisha kabla hujasikia ubishi huu. Mmoja anasema gari huanzwa juu, maji yashuke yenyewe, tairi mwisho. Mwingine amemwona jamaa kwenye simu akianza na tairi, na video anayo. Wa tatu ndiye mwenye gari, naye ana swali lake: kwa nini gari lake jeusi linapendeza kivulini, lakini likisimama juani boneti inajaa viduara kama utando wa buibui?

Hao wawili wa kwanza wote wako sahihi, na jibu la yule wa tatu limo humo humo ndani ya ubishi wao. Ila kabla ya kufika huko tuyanyooshe maneno, maana nusu ya mabishano haya yanatokana na neno moja, "polishi". Mtaani polishi ni chochote kinachong'arisha: kile cha kupulizia dashibodi, kile cha tairi, waksi ya kopo, hadi dawa ya kukata mikwaruzo. Hivyo ni vitu vinne tofauti, na ukivichanganya huwezi kupanga hatua.

Kazi yenyewe ina sehemu nne. Kuna kuosha, yaani kutoa vumbi na tope. Kuna kutoa vilivyonata, vile ambavyo sabuni haiviwezi: matone ya lami, utomvu wa mti, chembe za chuma zinazotoka kwenye breki. Kuna bafingi, ambayo wengine huiita rabingi, nayo ni kuisaga rangi kidogo ili mikwaruzo ipotee. Mwisho kuna kinga: waksi au dawa nyingine inayobaki juu ya rangi. Tatu za kwanza zinaondoa, ya nne inaongeza. Ukiongeza kabla hujamaliza kuondoa, umefungia uchafu ndani. Mpaka hapo hakuna anayebisha. Ubishi unaanza ukiingia kwenye kila sehemu.

Turudi kwenye tairi. Fikiria mtu anayeosha vyombo kwa beseni moja. Anaanza na glasi, kisha sahani, masufuria yenye ukoko yanakuja mwisho, kwa sababu maji ni yale yale na kila chombo kinayachafua zaidi. Akianza na sufuria la maharage, glasi zote zitanuka vitunguu. Anayesema "juu kwanza, tairi mwisho" anawaza hivyo, na kama una ndoo moja na dodoki moja, ndivyo ufanye. Anza paa, vioo, boneti, milango kwa juu, kisha milango kwa chini na bampa, ambako mchanga umejaa. Rimu zije mwisho kabisa.

Yule wa video ana ndoo ya pili. Rimu zina ndoo yake, brashi yake, kitambaa chake. Maji hayachangiwi, kwa hiyo hesabu inageuka. Kusugua rimu kunarusha maji meusi hadi kwenye milango. Ukiwa umeshaosha bodi, na pengine umeshaikausha, unarudia kazi. Ndiyo maana anaanza na tairi, ili alichorusha kiondoke bodi itakapooshwa. Mabingwa wawili, ndoo tofauti, majibu tofauti.

Swali linaloamua mpangilio basi ni hili: hatua hii itachafua nini? Ikichafua maji na dodoki utakavyovitumia tena, ije mwisho; ikirusha uchafu kwenye sehemu nyingine, itangulie, ili sehemu hiyo ioshwe baada yake. Ukilishika hilo huhitaji kukariri orodha ya mtu yeyote, wala hii yangu.

Jambo moja tu kuhusu rimu: usizimwagie maji gari likiwa limetoka safari. Diski ya breki inakuwa ya moto sana, na maji baridi ya ghafla yanaweza kuipinda. Subiri ipoe.

Sasa kuosha bodi kwenyewe. Hapa ndipo ule utando wa buibui unapozaliwa, na watu wengi hawaamini ukiwaambia. Wanadhani ni jua, au rangi mbovu ya kiwandani. Asilimia kubwa ya mikwaruzo hiyo midogo inatoka kwenye dodoki. Mchanga uko juu ya bodi, unaweka dodoki, unazungusha mkono. Umepiga msasa, tena msasa wenye povu. Nimewahi kusimama na kumtazama kijana mmoja akifuta boneti. Kitambaa kikamponyoka, kikaanguka kwenye kokoto, akakiokota, akakikung'uta mara mbili gotini na kuendelea pale pale alipoachia. Kila punje iliyokishika ikaandika mstari wake.

Kwa hiyo kabla mkono haujagusa gari, maji yatangulie. Yapite juu hadi chini, bila kusugua, mpaka yanayodondoka chini ya mlango yawe meupe. Ukiwa na povu zito, lipake na uliache dakika chache lilainishe tope, lakini lisikaukie juu ya rangi. Ni kama kuloweka nguo. Hakuna anayeanza kufikicha kola ikiwa kavu. Halafu ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya maji matupu. Dodoki likitoka kwenye gari linaingia kwanza kwenye maji matupu, linaacha mchanga huko, ndipo linarudi kwenye sabuni. Ukimaliza, itazame ile ndoo ya maji matupu chini. Mchanga utakaoukuta ndio ambao ungeurudisha kwenye boneti.

Na sabuni iwe ya gari. Sabuni ya unga na ya vyombo zimetengenezwa kukata mafuta, na waksi iliyoko juu ya gari ni jamii ya mafuta. Hazitababua rangi siku hiyo hiyo kama wengine wanavyotishia, ila zitaondoka na kinga uliyoilipia.

Kukausha nako ni hatua, si kusubiri. Maeneo mengi ya Dar tunatumia maji ya kisima, na mengi ni ya chumvi. Tone likikaukia juani, maji yanaondoka, chumvi na chokaa vinabaki, unapata kiduara cheupe ambacho baada ya wiki kadhaa hakitoki kwa sabuni. Osha asubuhi mapema au jioni, kivulini, na ukaushe kwa taulo nene safi unalolilaza na kulivuta taratibu. Kivuli chenyewe uchague: nimeona watu wakiosha gari chini ya mwembe na kuliacha hapo likauke, wakarudi wakakuta utomvu. Wengine walikuta kazi ya kunguru, na hiyo ina asidi inayokula rangi ikikaa juani. Usiikwangue. Laza kitambaa chenye maji juu yake dakika chache, kisha iinue.

Gari limeoshwa, limekauka, linapendeza. Je, ni safi? Chukua mfuko laini wa plastiki, ule uliofungia mkate, maana mifuko ya kubebea tulishaagana nayo Juni 2019. Uvae mkononi kama glavu, kisha upitishe vidole taratibu juu ya boneti. Plastiki inaongeza hisia za vidole kwa namna ambayo itakushangaza. Gari ulilodhani ni kioo utalisikia lina chengachenga, kama ukuta uliopigwa chokaa. Hivyo ndivyo vilivyonata.

Wenye magari meupe wanaviona kwa macho: vidoa vidogo vya rangi ya chungwa, hasa upande wa nyuma na milangoni kwa chini. Wengi wanadhani bodi imeanza kuoza. Mara nyingi si bodi. Ni chembe za chuma kutoka kwenye breki zilizorushwa zikiwa za moto, zikajichomeka kwenye rangi na kushika kutu hapo. Ipo dawa yake. Ukiipuliza inageuka zambarau pale inapokutana na chuma, na inanuka kama yai viza. Lami ina dawa yake nyingine, jamii ya mafuta. Ipi itangulie? Nimesoma mabishano marefu kuhusu hilo na sioni faida yake. Suuza katikati, basi.

Kinachojalisha ni dawa kutangulia kabla ya udongo. Udongo ninaousema si wa mfinyanzi, ni donge laini kama chingamu kubwa, ambalo Mjapani Tadao Kodate alilipatia hataza Marekani miaka ya 1990. Unaloanisha bodi kwa maji yenye sabuni, unaliteleza donge juu yake, nalo linanyofoa vilivyonata. Lakini donge linasugua, na kila kinachosugua kinaweza kuacha alama. Basi liachie kazi ndogo kadiri inavyowezekana: kilichoyeyuka kwa dawa hakihitaji kusuguliwa. Na likianguka chini, hata kama ni jipya na umelinunua kwa bei, litupe. Kumbuka yule kijana na kitambaa chake.

Tumefika kwenye bafingi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa inapokwenda na ndipo gari linapoharibika.

Magari mengi tunayoendesha yana rangi ya tabaka mbili: rangi yenyewe chini, na juu yake tabaka angavu lisilo na rangi ambalo mafundi rangi huliita klia. Mfumo huu ulienea miaka ya 1980. Ile mikwaruzo ya utando wa buibui kwa kawaida imo ndani ya klia, haijafika kwenye rangi. Bafingi haijazi mkwaruzo. Inaushusha uso wote wa klia hadi usawa wa chini ya mkwaruzo, kama fundi seremala anavyopiga randa meza nzima ili alama ya kisu ipotee. Sasa, klia ya kiwandani mara nyingi ina mikroni 40 hadi 50, na mikroni 1 ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwa chako una kama 70. Kwa hiyo unachokisaga ni chembamba kuliko unywele, na ndicho kinachoikinga rangi dhidi ya jua. Kila bafingi inapunguza. Anayekushauri upige bafingi kila baada ya miezi mitatu "ili gari lisizeeke" anakuzeeshea gari.

Mwaka fulani nilipeleka gari langu jeusi kwa fundi mmoja, jina naliweka kando. Alimwaga maji, akafuta, akawasha mashine. Dawa ya kutoa vilivyonata hakuna, donge hakuna. Ile mashine ikawa inazungusha chembe zote hizo juu ya klia kwa mizunguko mingi kwa dakika. Jioni lilikuwa linang'aa, nikalipa kwa furaha. Baada ya kuosha mara mbili, nikiwa natia mafuta usiku, nikaliona chini ya taa za kituo: viduara vya zamani vimerudi, na vipya vikubwa vimeongezeka. Vya zamani havikuwa vimeondoka. Dawa za bafingi zina mafuta yanayojaa ndani ya mikwaruzo na kuificha, na mafuta hayo huoshwa.

Ndiyo maana baada ya bafingi kuna hatua fupi ambayo mafundi wengi huiruka: kufuta gari zima kwa spiriti iliyochanganywa na maji, ili mafuta yatoke na ukweli uonekane. Kabla fundi hajakukabidhi gari, mwombe afanye hivyo kwenye kipande kimoja cha boneti, ukiwa hapo, juani. Uso wa fundi utakuambia mengi.

Mpangilio wa dawa zenyewe una mtego. Kazi inakwenda kutoka kali kwenda laini, kama msasa wa ukutani: ule wa chenga kubwa kwanza, mwembamba baadaye kufuta alama za ule wa kwanza. Lakini majaribio yanakwenda kinyume, kutoka laini kwenda kali. Chagua sehemu ya ukubwa wa kitabu, jaribu dawa laini. Ikitosha, ishia hapo, gari zima lipate hiyo. Isipotosha ndipo upande kwenye kali zaidi. Kuanza na kali kwa sababu "ndiyo inayomaliza kazi" ni sawa na kumnyoa mtoto kwa panga.

Kabla ya mashine, bandika tepu ya karatasi kwenye plastiki nyeusi, mipira ya milango na kingo za bodi, ambako klia huwa nyembamba zaidi. Plastiki ikishika dawa nyeupe itakutesa. Na kama taa za mbele zimekuwa njano, zishughulikie hapa, pamoja na bafingi. Dawa ya meno? Inafanya kazi, wala sitakudanganya, kwa siku chache. Inasaga ile njano ya juu, lakini taa za plastiki hutoka kiwandani na tabaka la kuzikinga na jua, na hilo likishakwisha njano inarudi mbio. Zinahitaji kusagwa, kulainishwa na kupakwa kinga mpya, yaani mpangilio ule ule wa gari zima.

Baada ya hapo ndipo kinga. Waksi inakaa wiki kadhaa hadi miezi michache kwa jua letu. Seramiki, dawa ya maji inayokauka kuwa tabaka gumu juu ya klia na inayouzwa sana siku hizi, inakaa zaidi, lakini inataka klia tupu, isiyo na mafuta wala waksi, ishike yenyewe. Ukiipaka juu ya waksi ni kama kubandika stika kwenye kioo chenye mafuta. Waksi juu ya seramiki inawezekana. Seramiki juu ya waksi, hapana.

Watu wameuziwa maneno mengi kuhusu seramiki. Ile "9H" inayotangazwa ni kipimo cha penseli, yaani penseli ngumu sana ya kuchorea ikishindwa kuuchana uso. Si kipimo cha mawe kinachoishia kwa almasi kwenye 10, kama tangazo linavyopenda uelewe. Kokoto ya lori lililo mbele yako haiijui 9H. Seramiki inafanya maji na tope visishike na inapunguza athari za kemikali. Haizuii mkwaruzo wa dodoki chafu. Tena ukiipaka kabla ya kuondoa mikwaruzo, umekipiga cheti lamineshi kikiwa na doa. Doa halitoki mpaka uchane lamineshi yote.

Ndani ya gari je, ije kabla au baada? Hili nalo wanabishana kana kwamba ndani ni hatua moja. Ni mbili. Kazi ya vumbi inatangulia kila kitu: toa kapeti, zifue, zianike zikauke wakati unaendelea, pulizia hewa kwenye matundu ya dashibodi, kisha viti, sakafu mwisho, kwa sababu vumbi linashuka. Vuta vumbi lote kabla tone la maji halijaingia, maana vumbi na maji ni tope. Vumbi hili linatoka kupitia milango, kwa hiyo likitoka baada ya kuosha bodi umejitafutia. Kama viti vinafuliwa, vifuliwe asubuhi na mapema na madirisha yaachwe wazi. Kwa unyevu wa pwani, kiti kikilala kimelowa kinaamka na harufu.

Vioo vya ndani ndivyo vinavyobaki hadi mwisho kabisa, baada ya kila kitu cha kupuliza kuwa kimepulizwa, kwa sababu kila kitu hicho kinatua juu yao. Futa vya ndani kwa kushuka na vya nje kwa kulala. Ukiona mstari, utajua uko upande gani bila kuzunguka gari.

Injini, kama ni lazima, ije kabla ya bodi, ikiwa imepoa, umeme umefunikwa kwa nailoni, maji kidogo bila presha. Ile desturi ya kupuliza dizeli au mafuta ya taa kwenye injini na chini ya gari ili "ing'ae" iache. Inang'aa kweli, vumbi linanata saa hiyo hiyo, na bushi na mipira mingine haikutengenezwa kuishi na dizeli. Baadhi inavimba na kulainika.

Si kila gari linahitaji haya yote. Lililotoka bandarini wiki hii lipime kwa mfuko wa mkate kwanza. Mara nyingi linataka dawa na donge zaidi ya mashine. Gari la Kigamboni linalovuka kwa kivuko kila siku linataka kuoshwa chini mara kwa mara, chumvi itoke, na bafingi isubiri. Mwenye dakika arobaini aoshe kwa ndoo mbili, akaushe, apake waksi boneti na paa, ambako jua linapiga zaidi, aende zake.

Dawa ya tairi ndiyo inayofunga kazi, na yenyewe ina ukorofi wake. Ipake kidogo, iache ikauke, kisha futa inayobaki kabla hujaondoka. Ukiwahi kuondoka, tairi likishika mwendo linaitupa, na utafika unakokwenda na nukta nyeusi mlango mzima, kwenye gari jeupe ulilolishughulikia tangu asubuhi.